Mtu Aliyekosekana Kivukoni

Katika nchi ile miaka haikuwa na tarakimu. Ilikuwa na majina tu: Mwaka wa Nzige, Mwaka wa Kiangazi Kirefu, Mwaka wa Daraja. Majina hayapangiki kama tarakimu, kwa hiyo mtu aliweza kusimama sokoni akasimulia jambo la jana na jambo la utotoni mwake kwa pumzi moja, na wasikilizaji wasione ajabu. Siwatu alizaliwa humo na nywele zilimwotea mvi humo, na kama angeulizwa anapenda nini katika nchi yake, angetaja hilo. Mahali ambapo jana haina namba, ni rahisi kuihamisha.

Na kuihamisha jana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliandika tamthilia ya runinga iliyoitwa Mto Ulipofurika, iliyoonyeshwa na Nyumba ya Picha kila Ijumaa saa kumi jioni. Kisa chake kila mtu mjini Ukingoni alikijua kabla hakijaandikwa, kwa sababu kilikuwa kisa chao wenyewe kilichopindishwa mahali pamoja. Katika Mwaka wa Daraja, Gavana wa ng'ambo aliutaka mji utoe vijana kwa ajili ya vita vyake. Mji ukakataa, ukafunga daraja, na watu thelathini na wanane wakajitolea kulilinda. Mto ndio uliokuwa ukuta wao. Wiki sita zaidi mvua zingeanza, na askari wa Gavana wangeondoka wenyewe, maana kambi yao ilikuwa bondeni. Lakini alfajiri moja askari walivuka kwa miguu, mahali ambapo hakuna mgeni aliyejua kwamba panavukika, wakawatokea walinzi kwa nyuma, wakawaua wote. Gavana akautawala mji miaka mingi mpaka akazeeka, akaondoka bila kufukuzwa na mtu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika tamthilia ya Siwatu, alfajiri ile ilinyesha. Mvua ilikuja kabla ya wakati wake, mto ukafurika, askari wakasimama ng'ambo wakiyatazama maji, wakarudi walikotoka. Wale thelathini na wanane wakashuka darajani, wakaenda makwao kunywa chai.

Msimu wa kwanza mji ulishikwa na kitu ambacho hakikuwa furaha wala majonzi. Ijumaa saa kumi mitaa ilikuwa mitupu. Akina mama waliweka kikombe cha chai mbele ya runinga, wakakiacha hapo mpaka kikapoa. Watoto walipewa majina ya watu waliokufa darajani, si kwa kuwakumbuka, bali kana kwamba ni wajomba walio hai ambao wangekuja siku ya arobaini kumbeba mtoto. Mwigizaji aliyeigiza mlinzi mmoja aitwaye Ngwali hakuweza kupita njiani bila kusalimiwa kwa jina la marehemu, na mwisho akawa anaitikia. Alipoulizwa jina lake na karani wa mahakama, alisita, akaomba dakika moja afikiri. Siwatu alipita katikati ya haya yote akiinamisha macho, na watu walimwona mnyenyekevu. Walisema mwandishi yule hana majivuno hata kidogo. Walikosea, lakini hilo litakuja.

Katika Nyumba ya Picha palikuwa na ukuta wenye taa ndogo ndogo, kila taa nyumba moja yenye runinga iliyowashwa. Msimu wa kwanza ukuta ule uliwaka mpaka ukatoa joto. Msimu wa pili ukaanza kutoboka. Msimu wa tatu, Siwatu alisimama mbele yake Ijumaa moja, akaona taa zikizimika huku tamthilia ikiendelea, moja hapa, tatu kule, kama mtu anayekuna kichwa na kudondosha mba. Ngwali, ambaye tamthilia ilikuwa imeshamfanya rais, alikuwa katikati ya hotuba. Kabla hajafika mwisho wa hotuba, ukuta ulibaki na taa zinazohesabika kwa vidole.

"Ni mavazi," alisema Bwana Kitwana, mkuu wa Nyumba ya Picha, mtu mwenye sauti laini aliyeamini kwamba kila ugonjwa una nguo yake. "Watu wamechoka na kahawia. Lakini nisikuamulie. Nenda ukawaulize. Chagua mtaa mmoja, ingia nyumba kwa nyumba, waambie wakueleze kwa nini wanazima."

"Nitume mtu?"

"Nenda mwenyewe, Siwatu. Watakuambia wewe. Wanakupenda."

Alichukua daftari, akaenda.

Alichagua mtaa wa Mzambarauni kwa sababu taa zake zilikuwa za kwanza kuzimika. Mtaa huo ulikuwa umejengwa upya studioni kwa ajili ya tamthilia, mlango kwa mlango, na kwa kuwa Siwatu alikuwa ameupita ule wa mbao mara nyingi kuliko huu wa matofali, alitembea akiwa na wasiwasi kwamba akiegemea ukuta utaanguka. Aligusa ukuta mmoja. Ulikuwa wa moto kwa jua, na mtu kwa ndani akauliza, "Nani?" Akaondoa mkono kama aliyeiba.

Kinyozi Machano alikuwa anamnyoa mzee mmoja. Alipomwona Siwatu alifurahi kweli, akamfutia kiti kwa taulo.

"Nikwambie kweli, mama, au nikupambe?"

"Niambie kweli."

"Basi kaa. Zamani tamthilia ikianza, mimi niliweka wembe chini. Namwambia mteja, samahani mzee wangu, subiri, mkono utatetemeka. Siku hizi natazama huku nanyoa, na sijamkata mtu. Huyo Ngwali wenu amepigwa risasi mara ngapi? Mara nne. Kila mara mnatuambia kumbe ni ndoto, kumbe ni pacha wake, kumbe mto umemrudisha. Mtu asiyekufa mimi nimhofie nini?"

"Na maelezo!" alisema yule mzee kutoka ndani ya povu la sabuni. "Kila Ijumaa nusu ya kwanza ni kutufundisha sheria za hiyo nchi yenu. Nani anaruhusiwa kuvuka, nani mkuu wa nani, treni inaendeshwa na nini. Mimi shule nilifukuzwa. Sikujua nitarudishwa kwa runinga."

Wakacheka. Siwatu naye akacheka, akaandika: *Hakuna anayekufa. Maelezo mengi.* Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida, na uzuri huo ulimkera.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mwalimu Chausiku, mstaafu, mwanamke mwembamba aliyeongea huku ananyoosha vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka.

"Ulichukua mtaa wangu, ukabadilisha kitu kimoja tu," alisema. "Nilikitazama hicho kimoja mpaka macho yakaniuma. Asubuhi nikienda dukani nilikuwa najiambia, hapa angekuwa amesimama fulani. Sasa umebadilisha vyote. Treni za kioo, bunge juu ya maji, watu wana lugha ya pili. Kitu kimoja kikiwa tofauti, naona uchungu. Vyote vikiwa tofauti, naona nchi ya watu wengine, na nchi za watu wengine ziko nyingi."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Sijamaliza. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, Siwatu. Mtoto akiandika kurasa na kurasa kwenye swali la tatu, mara nyingi ni kwa sababu swali la kwanza ameliruka." Alimtazama juu ya miwani, si kwa ukali. "Sijui swali lako la kwanza ni lipi. Nakwambia tu ninavyoona."

Siwatu hakuandika hilo. Alifunga daftari, akaaga haraka, na alipofika nje ilimbidi asimame kidogo, kwa sababu miguu yake ilikuwa na umri mwingine. Ilikuwa myepesi. Ilikuwa miguu ya msichana wa miaka kumi na tisa inayojua kukanyaga jiwe lililo chini ya maji bila kuliangalia. Akaikanyagisha chini kwa nguvu mpaka ikazeeka tena, akaendelea na safari.

Nyumba ya mwisho mtaani ilikuwa ya Bi Nyamvula, mjane wa Ngwali. Ngwali wa kweli.

Siwatu alikuwa amemwandika mwanamke huyu kwa misimu mitatu bila kuingia kwake hata mara moja. Alimwandika akiwa mke wa rais, mwenye kilemba na magari. Huyu aliyeitikia hodi alikuwa ameketi sakafuni anajaza sufi kwenye mito ya kulalia, kazi iliyomlisha tangu Mwaka wa Daraja. Sufi ilielea chumbani kote, ilitua kwenye nywele zake, kwenye kope, kwenye runinga iliyozimwa, na mtu akivuta pumzi kwa nguvu ilimsogelea.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Ni wewe, mwandishi. Kaa mbali na mlango, upepo utaniharibia kazi."

Akakaa. Akauliza swali lake. Bi Nyamvula aliendelea kujaza mto mmoja mpaka ukavimba, akaushona mdomo, ndipo akajibu.

"Ulinirudishia mume wangu. Wiki sita nilipika kwa sahani mbili, na sikuona haya. Jirani alinikuta nazungumza na runinga, akanyamaza, akakaa, tukatazama pamoja. Kisha ukampa hotuba. Mume wangu alikuwa na kigugumizi, mwanangu. Akitaka kusema 'njoo' ilimchukua muda mpaka nilikuwa nimeshafika. Huyo wako anasema maneno mia bila kumeza mate. Nikajua si yeye. Lakini sikuzima kwa sababu hiyo."

"Ulizima kwa sababu gani?"

"Nilikuwa namsubiri mtu mmoja." Alichukua foronya nyingine, akaigeuza. "Mahali pale askari hawakupajua. Hata watu wa hapa wengi hawakupajua. Kuna aliyewaonyesha. Sote tunalijua hilo, hatulisemi tu. Sasa wewe ukasema katika dunia yako askari hawakuvuka. Nikasema, vyema, basi katika dunia hiyo yule mtu hakuwaonyesha. Nitamwona. Nitaona nini kilimzuia mkono. Labda aliitwa na mamaye, labda aliona haya, labda alimkumbuka mtu mmoja darajani. Kila Ijumaa nilimsubiri. Wewe ukaleta mvua."

Siwatu alisema kwa sauti ndogo, "Mvua ingeweza kunyesha."

"Ingeweza. Lakini mvua haina moyo. Mimi nilitaka kuona mtu akichagua vingine. Nilipoelewa kwamba huyo mtu humleti, kwamba umejaza treni ili nisimkumbuke, nikazima. Na nadhani wenzangu nao wamezima kwa hilo, hata kama wanakwambia ni hotuba."

Sufi ilikuwa imemtua Siwatu mdomoni. Hakuitoa. Aliona kwamba akifungua mdomo hata kwa hilo tu, kitu kingine kitatoka. Akainuka, akashukuru, akaenda zake. Mwanamke yule alikuwa amemweleza kosa lake zima, na hakujua anaongea na nani.

Maana kuna aliyewaonyesha. Naye alikuwa Siwatu.

Hapo ndipo inapobidi kusimuliwa jinsi ilivyokuwa, na ilivyokuwa ni jambo dogo mno. Katika Mwaka wa Daraja Siwatu alikuwa na miaka kumi na tisa na njaa ya vitabu. Maktaba ilikuwa ng'ambo. Daraja lilipofungwa, yeye aliendelea kwenda kuazima, kwa sababu alijua mawe saba yaliyolala chini ya maji mahali pa mianzi, aliyoyagundua mwenyewe, na mtu akiyakanyaga kwa mpangilio maji hayamzidi goti. Alijivunia mawe yale kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Hakuna aliyemsifu kwayo, maana hakuna aliyejua.

Siku moja maktabani alimkuta afisa wa Gavana anasoma. Hakuwa na bunduki. Alimsalimia kwa adabu, akakitazama kitabu alichoshika, akasema ni wachache wanaokiweza. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Umetoka upande ule? Na daraja limefungwa! Basi wewe una akili kuliko wahandisi wangu wote."

Hakumtisha. Hakumhonga. Hakumwuliza hata njia. Alimsifu tu, akatoka naye nje akimbebea kitabu mpaka ukingoni, na hapo akampa, akasimama. Siwatu angeweza kungoja aondoke. Alijua kwamba anaweza kungoja. Badala yake akapandisha kanga, akaingia majini mbele ya macho yake, na alivuka polepole. Hilo la polepole ndilo lililomla miaka yote. Alivuka polepole ili aonekane. Alipofika upande wa pili akageuka, na yule afisa akampigia makofi.

Siku ya tatu alfajiri, thelathini na wanane walikufa.

Siwatu alirudi kwake, akakaa mezani akaanza kumwandika msichana kivukoni. Alidhani, kwa kuwa ni fundi wa kazi yake, ataweza. Kinachotakiwa ni kidogo: msichana asivuke, au avuke kwingine, au angoje. Kila kitu kingine kibaki kama kilivyokuwa. Akaandika, akafuta, na kwa siku tatu mazungumzo yake na karatasi yalikuwa hivi:

*Msichana anakataa kwa sababu anaupenda mji.* Uongo. Siku ile hakuufikiria mji. Mji ulikuwa kelele tu nyuma ya kitabu.

*Msichana anamwogopa afisa.* Hakumwogopa. Angemwogopa, watu wangekuwa hai.

*Msichana anaumwa siku hiyo, haendi maktaba.* Hiyo ni mvua tena. Umeiita homa tu.

*Msichana anamkumbuka Ngwali.* Alimjua Ngwali. Alimpita asubuhi ile ile, Ngwali akajaribu kumwambia neno, likakwama, naye hakungoja limalizike. Alikuwa na haraka.

*Msichana si mimi. Ni msichana mwingine, mwema kuliko mimi.* Kama ni mwingine, basi si historia yetu iliyogeuka. Ni historia ya mtu mwingine iliyonyooka.

Alipofika hapo aliweka kalamu chini. Aliona kitu alichokuwa amekikwepa kwa misimu mitatu na kwa maisha yake yote. Ili dunia ile nyingine iwepo, ile ya chai na wajomba walio hai, haikuhitaji mawingu. Ilihitaji Siwatu mwingine. Naye alikuwa amemtafuta ndani yake chumba kwa chumba, chini ya kila kumbukumbu, wala hakumpata. Palikuwa na Siwatu mmoja tu, na ukimrudisha ukingoni mara elfu, ukimpa afisa yule yule na sifa zile zile, atapandisha kanga mara elfu, na mara elfu atavuka polepole. Watazamaji hawakujua jambo hili, lakini walilinusa. Mtu anaweza kuamini kwamba dunia ingekuwa vingine ikiwa ataonyeshwa mahali ilipopindia. Akifichwa mahali hapo, anabaki amesimama mbele ya picha nzuri bila mlango wa kuingilia, na baada ya muda miguu inauma, anakwenda zake. Si kwamba wamechoka kuota. Waliombwa waote ndoto ya mtu anayejisingizia usingizi.

Siku ya nne alimwambia Bwana Kitwana kwamba haandiki mvua tena.

"Basi andika jua," alisema Bwana Kitwana. "Msimu wa kiangazi! Mavazi meupe!"

"Nimemaliza, Bwana. Nimeshajua kwa nini wanazima."

"Kwa nini?"

Siwatu alifungua mdomo. Mtu wa kwanza kuambiwa hakupaswa kuwa huyu. "Si mavazi," alisema, akaondoka. Tamthilia iliandikwa na mtu mwingine kwa Ijumaa nne, kisha ikakatwa katikati ya sentensi ya rais, wala hakuna aliyepiga simu kuuliza sentensi ile ingeishiaje.

Kutoka Nyumba ya Picha alikwenda moja kwa moja Mzambarauni. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, mtaa umejaa watu, nao wakamsalimia kwa jina. Kila salamu ilimwongezea uzito. Alitamani mtaa huu uwe ule wa mbao, aukunje, aubebe kwapani, aende nao. Ulibaki wa matofali.

Bi Nyamvula alikuwa kwenye kazi yake. Siwatu hakukaa.

"Bi mkubwa, yule mtu uliyekuwa unamsubiri. Ni mimi."

Mikono ya Bi Nyamvula ilisimama ndani ya foronya. "Rudia."

"Mahali pa mianzi. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

Hakupiga kelele. Alitoa mikono kwenye foronya, akajipangusa sufi kwa utulivu wa kutisha, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Usiniambie mimi peke yangu. Ukiniambia peke yangu, nitakuwa nabeba mimi. Toka nje, barazani." Naye mwenyewe akatangulia mlangoni akaita, kwa sauti ambayo Siwatu hakudhani mwili ule unayo: "Machano! Mwalimu! Njooni! Njooni wote!"

Wakaja. Kinyozi alikuja na wembe mkononi na mteja wake nyuma, nusu ya kidevu ikiwa na povu. Mwalimu Chausiku alikuja na miwani. Wengine wakaja kwa kuwaona hawa. Baraza likajaa, watu wakakaa mpaka barabarani. Bi Nyamvula alikaa mbele kabisa kwenye mkeka, akampa Siwatu ubavu, kama mtu anayetaka kusikia bila kuona.

"Sema."

Siwatu alisema. Alianza vibaya, kwa maneno ya kazi yake, akasikia jinsi yanavyong'ara, akayaacha. Akaanza upya kwa maneno ya kawaida. Alisema vitabu. Alisema mawe. Alisema Ngwali asubuhi ile, na neno lililomkwama. Alipofika kwa afisa, alijaribu kumfanya mkali kidogo, ulimi wenyewe ulimwelekeza huko, akajikamata katikati, akarudi nyuma: hapana, alikuwa mpole. Alisema kanga. Alisema polepole. Uso wake ulikuwa unawaka mpaka masikioni, na alitaka sana kulia, lakini aliona kwamba akilia watu watamhurumia, na hilo nalo lingekuwa wizi. Akasema makofi.

Kisha akanyamaza, akangoja. Alikuwa ameigiza kimya hiki kichwani mara nyingi, na kila mara kilivunjwa na kofi, au jiwe, au mtu akisema yameshapita. Hakuna kilichotokea. Machano alikuwa ameuweka wembe chini. Hakuna aliyeinuka, hata wale waliokuwa juani.

Ni Bi Nyamvula aliyesema kwanza, bila kugeuka. "Kanga ya rangi gani?"

"Nyekundu. Ya mama."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Mwanzoni. Katikati hayakuwa."

"Jiwe la tatu, ulikanyaga kwa mguu gani?" aliuliza mzee mwenye povu, na swali lile halikuwa la kijinga, wala hakuna aliyelicheka.

"Wa kushoto."

"Ulirudi nyumbani ukafanya nini?" Huyo alikuwa Mwalimu Chausiku.

"Nilisoma kile kitabu, Mwalimu. Nikakimaliza siku ile ile. Kilikuwa kizuri."

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama aliyechomwa. Maswali yakaendelea. Walitaka kujua ndege gani alilia, afisa alikuwa na ndevu au hana, Ngwali alikuwa amesimama upande gani wa daraja aliposhindwa kutoa lile neno. Hapo Bi Nyamvula aligeuka. Alimtazama Siwatu usoni kwa mara ya kwanza tangu waketi.

"Alikuwa anataka kukuambia nini?"

"Sijui, Bi mkubwa. Sikungoja."

"Lilianza na herufi gani?"

Siwatu alifumba macho. Akalitafuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alirudi kule bila kubadilisha kitu. Asubuhi. Vumbi. Mdomo wa mtu mrefu ukipambana. "S," alisema. "Ilikuwa S. Alisema 's', 's', nami nikapita."

"Labda Siwatu," alisema Bi Nyamvula. "Labda subiri." "Kesho utarudi. Utasema tena tangu mwanzo. Kuna ambao hawakuwepo."

"Nitarudi."

"Sikukuuliza."

Watu wakaanza kutawanyika kimya kimya, pasipo mtu kumuaga. Siwatu aliinama mlangoni kutafuta viatu vyake katika lile rundo la viatu vya watu. Havikuwemo. Aliviona pembeni kabisa, mwisho wa baraza, vimetengwa peke yake juani. Hakujua ni nani aliyevitenga, wala ni wakati gani, akiwa kwenye mawe au akiwa kwenye makofi. Vilikuwa vya moto. Akavivaa, akaenda.

Kesho yake saa tano alirudi. Baraza lilikuwa limejaa na njia imejaa. Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Alikwenda mpaka kule mwisho, juani, akavua viatu vyake akaviweka palepale vilipokuwa vimetengwa, akaingia bila viatu kusimulia.